Mstari wa Kumi na Tisa

Taratibu alifika Jumamosi saa kumi alasiri, amevaa lile shati la bluu alilolivaa siku ya posa. Tiki alimwona kupitia dirisha akajua kuna jambo. Mwanamume hamtembelei mchumba wake akiwa amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, tena kwenye joto kama lile, isipokuwa ana neno zito la kusema.

Sebule ya shangazi yake Tiki ndiyo iliyokuwa chumba cha kushonea. Cherehani ilikaa karibu na mlango ipate mwanga, na vitambaa vya wateja vilikunjwa rafuni, kila kimoja kimebanwa kikaratasi kwa pini. Juu ya kiti cha pembeni lililazwa gauni jeupe ambalo pindo lake lilikuwa bado. Shangazi alipomwona mgeni akivua viatu, alilirushia shuka haraka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu ndani. Usitazame huku, kazi ya fundi haitazamwi kabla haijaisha."

Taratibu alicheka kidogo kwa adabu. Chini ya macho yake ngozi ilikuwa imefanya vifuko, kama mtu aliyetoka kuugua. Shangazi naye aliyaona macho hayo. Akasema anakwenda kutenga chai, na alipokuwa akipita nyuma ya mgeni alimkazia Tiki macho. Tiki aliyaelewa maneno ya macho yale bila kuyasikia: funga mdomo wako.

Walibaki wawili. Kituoni walikofanya kazi hakuna aliyewaita kwa majina yao ya vitambulisho. Yeye aliitwa Taratibu kwa sababu ndilo neno alilolisema tangu alfajiri mpaka wanapofunga kazi. Mwenzake aliitwa Tiki kwa ajili ya kile kidude cha bati alichokibonyeza kikalia tiki, kumwambia panya kwamba amefanya vizuri, njoo uchukue ndizi yako.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili na panya mmoja. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, kati yao hatua kumi za ardhi isiyoaminika, na kamba imenyooshwa toka mguu wa huyu hadi mguu wa yule. Panya buku aliyevalishwa mkanda kifuani, mkanda ulioshikizwa kwenye kamba, anatembea toka kwa huyu mpaka kwa yule, pua chini. Ni mwepesi, bomu la ardhini halimsikii akipita. Akinusa baruti husimama na kukwaruza udongo kwa miguu ya mbele, mahali hapo pakawekwa alama, wateguaji wakaja na vifaa vyao. Asiponusa kitu, wote watatu wanasogea nusu hatua, wanaanza tena.

Kwa miaka mitatu walisimama hivyo kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Watu walipowauliza walipendana vipi, Taratibu alikuwa akijibu, "Mngetaka nimtazame nani? Mbele yangu alikuwapo yeye na panya."

Sasa alikaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti.

"Nimekuja kukurudishia neno lako," alisema.

"Neno gani?"

"La ndoa. Sitaki useme nimekufungia njia. Jana Mkuu wa kituo aliniita. Wamemaliza kuchunguza."

"Wamesema nini?"

"Kwamba mwendo wangu ulikuwa wa haraka. Kwamba nilivuta kamba, Bibie akakosa nafasi ya kunusa sawasawa. Sitarudi kwenye ardhi tena. Wakinipa kazi, itakuwa ya ghalani."

Bibie ndiye aliyekuwa panya wao, jike mzee mwenye ncha nyeupe ya mkia. Siku tisa zilizopita wakaguzi walikuja kituoni, kama ilivyo desturi yao, wakachagua kipande kimoja kati ya vile vilivyokwisha kupitishwa kuwa salama, wakakipima upya kwa mashine. Vipande hivyo huitwa mistari; walichagua mstari wa kumi na tisa. Kabla ya saa nne walikuwa wamempigia simu Mkuu wa kituo aje aone. Lilikuwapo bomu, chini kiasi cha kiganja, dogo kama kopo la rangi ya viatu, pale pale ambapo Bibie alipita bila kusimama.

Hakuna aliyeumia. Kila mtu alilirudia hilo, wakishukuru Mungu.

"Wewe hujawahi kuharakisha kitu chochote," Tiki alisema. "Hata chakula unakula mpaka wenzako wanaosha vyombo."

"Ndivyo nilivyojijua. Lakini saa hazidanganyi. Mstari ule tulimaliza kwa dakika arobaini. Siku zote ni saa nzima na ushei."

"Nani kasema ni wewe?"

"Nani tena? Bibie?" Aliuweka mkono wake wa kulia mezani, akautazama kama kifaa alichoazimwa. "Najaribu kukumbuka. Nikifumba macho tu, naona navuta kamba. Sijui kama ni kweli au naota. Ilikuwa wiki ile wazee wako walipotuletea jibu. Labda nilikuwa na furaha mno. Mtu mwenye furaha ana haraka, hata kama yeye mwenyewe hajioni."

Mwanamume huyu alikuwa ametafuta kosa kila mahali, na alipolikosa kwingine kote alikwenda kulitafuta ndani ya siku aliyokubaliwa kuoa.

"Na ningekuwa nimejiponza mwenyewe, yasingekuwa makubwa," aliendelea. "Lakini Jumapili ile nilimpeleka Mama."

"Najua."

"Hujui yote. Ulijua nilimpeleka. Miaka kumi na minane alikuwa akililia, apaone mahali Baba alipoangukia kwa bomu. Nikaomba ruhusa, nikapewa, maana vijiti vyeupe vya kuonyesha usalama vilikuwa vimeshasimikwa. Aliogopa kuingia. Nikamshika mkono nikamwambia, Mama, kanyaga bila hofu, hapa mkweo mwenyewe ndiye amepapitisha. Akasimama pale akaomba dua. Akalia akamaliza." Akameza mate. "Jumatano nilirudi nikapima. Hatua mbili, Tiki. Toka alipokuwa amesimama mpaka kwenye lile shimo walipolitoa bomu, hatua mbili."

"Amejua?"

"Sitamwambia. Atajuaje na moyo wake ule?"

Jikoni sufuria ililia kwa kifuniko, halafu kukawa kimya. Shangazi hakuwa akitenga chai. Alikuwa akisikiliza.

Tiki aliiona tena Jumatatu ile, siku tatu kabla ya mstari wa kumi na tisa. Alikuwa peke yake kwenye uwanja wa majaribio, na fomu yake mapajani. Vikopo ishirini vilifukiwa kwenye udongo, vinne vikiwa na harufu ya baruti. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi ilikuwa hivyo: panya anayepata vyote vinne anakwenda kazini, asiyepata anakaa mpaka ajaribiwe upya. Bibie alikipata cha kwanza, akakipata cha pili. Cha tatu alikipita. Tiki alimrudisha kwa sauti ya upole, akakipita tena, akaenda moja kwa moja kwenye cha nne na kukikwaruza, kisha akageuka na kuinua kichwa akitazamia ndizi.

Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mzito. Ndivyo alivyojiambia. Bibie hajawahi kukosa kwa miaka sita, ni leo tu. Lakini alijua kilichofuata baada ya fomu yenye tatu. Bibie angewekwa kando, na jozi yao ingevunjwa kwa muda. Taratibu angepelekwa kambi ya pili, mwendo wa siku nzima kwa gari, asirudi mpaka mvua ziishe. Na mama yake Taratibu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulegea. Mwaka mzima alisema hataki mkwe anayenuka panya, mwaka mzima akimtafutia mwanawe mchumba mwingine, mwalimu, muuguzi, yeyote mwenye kazi safi. Wiki ile ndiyo alikuwa amesema, basi, pelekeni posa. Tiki aliogopa kwamba miezi mitatu ya kutengana ingempa mama nafasi ya kubadili nia.

Akaandika nne. Hakusita hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomtisha.

"Si mkono wako," alisema sasa.

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nisikilize. Bibie alikwenda haraka siku ile kwa sababu alikuwa hanusi. Alikuwa anatembea tu. Pua yake imekwisha, na mimi nilijua."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Shangazi alisimama pale na birika mkononi. "Tiki. Njoo unishikie vikombe."

"Nakuja, Shangazi."

"Njoo sasa."

"Sasa naongea."

Taratibu hakumtazama shangazi. Alikuwa amemkazia Tiki macho kama alivyofanya kila asubuhi toka upande wa pili wa kamba, na kama kawaida yake hakuruka swali hata moja.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu. Kwenye jaribio."

"Alipata ngapi?"

"Tatu."

"Ukaandika ngapi?"

"Nne."

"Kwa nini?"

"Wangekupeleka kambi ya pili. Nilitaka ubaki mpaka posa ipite. Nilisema wiki mbili tu, halafu nitawaambia amechoka."

Alitegemea afoke. Alitegemea asimame, apige meza, aseme maneno ambayo mtu huyajutia, na yeye Tiki alikuwa amejiandaa kuyapokea yote. Badala yake mabega ya Taratibu yalishuka, akaugeuza ule mkono wake wa kulia, kiganja juu, akauangalia, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Si mimi," alisema. "Si mkono wangu."

"Si wewe."

"Mungu wangu. Si mimi niliyemsimamisha Mama pale kwa haraka zangu."

"Hukuharakisha. Wewe ulifuata mwendo wa Bibie, kama inavyotakiwa."

Alilia kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kwa kitambo kile kifupi alionekana ana furaha, na Tiki, akimtazama, alithubutu kudhani kwamba labda, labda tu, yataishia hapo. Shangazi alikuwa ameweka birika chini na yeye anafuta macho kwa ncha ya nguo.

Kisha Taratibu akakaa sawa. Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Leo ni siku ya ngapi tangu walipolikuta?"

Tiki alilijua jibu, na alijua kwamba jibu hilo ndilo litakalomhukumu. "Ya tisa."

"Siku ya tatu nilikuja hapa."

"Ndiyo."

"Nilikaa kwenye kiti hiki hiki. Nikakuambia silali. Ukanishika mkono huu, ukaniambia nipumzike, nitasahau."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Baba," shangazi aliingilia, "lawama nipe mimi. Aliniambia siku ya nne, nikamwambia funika kombe mwanaharamu apite. Nilisema wewe mwanamume, utapata kazi nyingine, lakini yeye jina lake likiharibika nani atamtaka? Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

"Nakuelewa, Shangazi. Hata Mama angenishauri hivyo hivyo." Alisema kwa heshima, bila kinyongo. Kisha akamgeukia Tiki, na sauti yake ikashuka. "Lile la Jumatatu ningelibeba nawe. Nisikie vizuri. Ungenijia siku ile ile walipolikuta, ukaniambia kwamba uliandika uongo kwa sababu hukutaka niende, ningekasirika wiki, labda mwezi, halafu ningekwenda nawe kwa Mkuu tukasimama pamoja. Mtu hukosea, hasa mtu anayependa. Lakini siku tisa, Tiki. Siku tisa ulinitazama nikijitafutia dhambi."

"Niliogopa kukukosa."

"Ukaona afadhali nijikose mwenyewe."

Nje gari la maji lilipita likipiga honi, watu wakatoka na ndoo zao, maisha yakaendelea kama kwamba hakuna kitu.

"Bado unanipenda?" Tiki aliuliza. Lilikuwa swali la kitoto na alilijua hivyo, lakini lilimtoka.

"Nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningekuwa nimeshaondoka." Alisimama, akafungua kifungo cha juu cha shati kana kwamba sasa ndipo alipohisi joto. "Lakini kwenye kazi yetu mimi na wewe tuliaminiana miguu. Sijui kumpenda mtu kwa namna nyingine. Nikikuoa, nitaamka kila asubuhi nikijiuliza leo ni wapi umeandika nne. Utaniambia mtoto hana homa, nitamgusa mwenyewe. Hayo si maisha ya kumpa mtu unayempenda."

Shangazi, kwa kukosa la kufanya, alimimina chai. Taratibu aliipokea kwa mikono miwili. Aliinywa akiwa amesimama, yote, taratibu, maana hakulelewa kumrudishia mwenye nyumba kikombe kilichojaa. Akashukuru. Akavaa viatu vyake kizingitini, akiinama muda mrefu kwenye kamba za viatu, kisha akatoka.

Shangazi aliliondoa shuka juu ya gauni, akalikunja gauni, akaliweka chini kabisa ya vitambaa vyote.

Jumatatu Tiki alikwenda kwa Mkuu wa kituo kabla panya hawajatolewa. Mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, ambaye watu walimwogopa kwa sababu hakuwahi kuipandisha. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akaichomoa ile fomu kwenye faili, akaiweka mbele yake.

"Hii ni nne yako?"

"Ni yangu, Mama Mkuu."

"Wako walioniambia tuache kupima kwa panya, turudi kwenye mashine peke yake. Nikawaambia panya hadanganyi. Na kweli hakudanganya. Alikuambia wazi kwamba hasikii harufu tena." Akavua miwani. "Panya hana mdomo, binti yangu. Mdomo wake ni kalamu yako."

"Najua."

"Unajua sasa. La kuvunda halina ubani, siwezi kukutetea. Mistari yote toka siku ile tutairudia. Kumi na moja. Mwenzako nitamwita leo nimwombe radhi. Wewe kabidhi kidude chako."

Alikikabidhi. Alipita kwenye nyumba ya panya kuaga. Bibie alikuwa amehamishiwa banda la wazee, lile lenye nyasi nyingi ambako panya waliostaafu hupewa matunda mpaka siku zao ziishe. Alikuwa amelala ndani ya chungu kilichopinduliwa. Tiki aliweka kipande cha ndizi mlangoni, kiasi cha shubiri moja kutoka puani mwake, akasubiri. Panya hakuinua kichwa. Ilibidi akisogeze mpaka kigusane na ndevu zake ndipo akashtuka, akakichukua kwa mikono miwili, akala.

Taratibu alirudishwa kazini Jumatano. Tiki alisikia tu, kwa watu, kwamba amepewa mwenza mpya, kijana mmoja mwenye bidii, na kwamba wameanza kurudia kuanzia mstari wa kumi na saba. Alisikia pia kwamba uchumba umevunjika, na kwamba aliyeuvunja ni yeye Taratibu kwa hiari yake, bila sababu. Mtaani watu walimpa Tiki pole. Wanawake waliokuja kupimwa nguo walimwambia wanaume ndivyo walivyo, heri umemjua mapema. Aliinama juu ya pindo analolishona akasema asante.

Wiki ya tatu, asubuhi, shangazi akiwa amekwenda kununua uzi, hodi ilipigwa. Tiki alifungua mlango akamkuta mama yake Taratibu, amevaa nguo zake za kutokea, na bahasha kubwa ya karatasi kwapani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko peke yako? Afadhali. Nimekuja kwa jambo la aibu."

Alikaa kwenye kiti kile kile alichokikalia mwanawe. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye kujivuta katika kutembea na kutojivuta katika kusema. Alikataa maji, akakataa chai.

"Nimekuja kumwombea mwanangu msamaha," alisema. "Sikumzaa vile. Nimemuuliza, binti wa watu kakukosea nini? Ananiambia, Mama, hajanikosea, ni moyo wangu umebadilika. Moyo gani unaobadilika kama hali ya hewa? Baba yake alinioa kwa neno moja na akafa na neno hilo hilo."

"Mama, usimlaumu."

"Ngoja nimalize. Mwaka mzima nilikukataa mimi. Nilikusema vibaya, nilikuita msichana wa panya, labda na wewe zilikufikia habari. Halafu siku ile aliponipeleka kumwona baba yake, nikasimama pale, nikajisemea, kazi ya mikono ya msichana huyu ndiyo imenifikisha hapa. Nikaona haya. Nikakupenda kuanzia siku hiyo." Akaifungua ile bahasha, akatoa kitambaa cha rangi ya zambarau, kizito, cha kushona nguo ya heshima. "Nilikununulia hiki. Nikamwambia mwanangu, sikai nawe meza moja mpaka uende ukamwombe radhi yule binti. Leo siku ya kumi na mbili hatusemezani. Anakula jikoni, mimi nakula chumbani. Anaamka anakwenda kwenye mabomu bila mimi kumwambia nenda salama."

Tiki alikitazama kitambaa, kisha akatazama mikono ya mama yule, iliyokuwa ikikinyoosha na kukinyoosha tena. Kwa mara ya pili Taratibu alikuwa amebebeshwa kosa lake. Safari hii alijitwika mwenyewe, na akafunga mdomo, na asubuhi zote hizi alikuwa akitoka nyumbani kwao bila dua ya mama.

Angeweza kunyamaza. Mama yule angeondoka akimpenda.

"Hakukuambia kilichotokea kwenye mstari wa kumi na tisa?" aliuliza.

"Mstari gani?"

"Pale alipokupeleka."

Mikono iliacha kunyoosha kitambaa.

Tiki alimweleza. Hakupunguza, hakuremba. Alimweleza Jumatatu na kikopo cha tatu, alimweleza fomu, wakaguzi, na siku zile tisa ambazo mwanawe alijiona mwuaji huku yeye akimshika mkono. Akamalizia na zile hatua mbili.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama miguu yake miwili, viatu vyake vyeusi vilivyopigwa rangi asubuhi ile, kana kwamba anaihesabu.

"Hatua mbili," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na yeye amejua siku zote, akaniacha nimsonye."

"Hakutaka uogope. Na hakutaka unichukie."

"Ungenyamaza," mama alisema, "ningekupenda mpaka siku ya kufa kwangu."

"Najua, Mama."

"Usiniite hivyo." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeomba apunguziwe mzigo. Alisimama, akaikunja bahasha tupu vizuri, akaibana kwapani. Kitambaa alikiacha mezani. Tiki alikichukua akamfuata nacho.

"Umesahau hiki."

"Sikukisahau. Nilikikata kwa vipimo vyako, hakitamfaa mwingine." Alifika mlangoni, akashika mwimo, akavuta pumzi. "Anarudi saa sita. Nimechelewa kupika."

Aliondoka. Tiki alisimama kizingitini, kitambaa mikononi, akimsindikiza kwa macho. Barabara ilikuwa ile ile ya kila siku, ya lami iliyochakaa, inayopitwa na wanafunzi na mikokoteni na magari ya maji, ambayo mama yule aliipita akija saa moja iliyopita, akiwa ameinua kichwa. Sasa alikwenda polepole, pembeni kabisa, akitazama chini. Kila alipotaka kuweka mguu alisita kidogo, akapachagua mahali, ndipo akakanyaga.